Kabla ya Git: historia fupi ya kuokoa kazi zetu

Leo naomba tuweke simu mpya kando kidogo, tuzungumze historia.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilikuwa naunda programu ya Android ya kurekodi maziwa ya chama kimoja cha ushirika. Kuhifadhi kazi kwangu kulimaanisha kunakili folda nzima na kuipa jina jipya: maziwa2, maziwa_mwisho, maziwa_mwisho_kabisa. Usiku mmoja nikanakili folda ya zamani juu ya mpya. Kazi ya wiki mbili ikapotea, na wazee wa ushirika walitaka kuiona asubuhi. Niliwaambia ukweli, wakaniongeza wiki moja. Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa na dawa miaka mingi kabla sijazaliwa!

Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs nchini Marekani aliandika SCCS. Wazo lake: usihifadhi faili nzima kila mara, hifadhi kilichobadilika tu, pamoja na nani alibadilisha na lini. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaja na RCS, iliyoweka toleo jipya likiwa zima na ya zamani kama hatua za kurudi nyuma. Ni busara, kwa sababu mara nyingi unalotaka ni toleo la leo.

Tatizo ni kwamba kwa kawaida mtu mmoja aliifunga faili, na wengine wakangoja amalize. Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu jijini Amsterdam, alikuwa akitengeneza kikusanyaji cha lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili, na ratiba zao hazikupatana. Mwaka 1986 akatoa CVS: kila mtu abadilishe kwake, kisha kazi ziunganishwe.

Hata hivyo CVS ilihesabu matoleo ya kila faili peke yake. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, nusu ya faili zimeingia na nusu hazijaingia. Mradi mzima haukuwa na hali moja unayoweza kuirudia. Subversion, iliyoanzishwa na CollabNet mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2004, ilirekebisha hilo kwa kuupa mradi wote namba moja. Lakini historia yote ilikaa kwenye seva. Hakuna mtandao, hakuna historia.

Halafu ukaja Aprili 2005. Watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper tangu 2002 kwa leseni ya bure, na leseni hiyo ikaondolewa baada ya mzozo. Linus Torvalds akaanza kuandika Git tarehe 3 Aprili. Kufikia tarehe 7, Git ilikuwa ikihifadhi msimbo wake yenyewe. Siku nne tu, jamani! Kila unapohifadhi, Git huchukua picha ya mradi mzima na kuipa jina la alama 40 linalotokana na yaliyomo. Na historia yote iko kwenye kompyuta yako, hata modemu ikiwa imezima. Mwaka 2007 ikaongezwa amri ya git stash, inayoweka kando kazi ambayo haijaiva ili ushughulikie jambo la dharura kwanza. Oktoba 2008 Google ilipofungua msimbo wa Android, iliuweka ndani ya Git.

Sasa onyo kwa wanaounda programu za simu. Git hurudisha msimbo, hairudishi simu. Niliwahi kurudi toleo la nyuma la ile programu ya maziwa, ikaanguka kila nilipoifungua. Hifadhidata ya SQLite kwenye simu ilikuwa bado toleo la 3, msimbo ukitarajia la 2, na Android kwa kawaida hukataa kushusha toleo. Ilibidi niondoe programu kwenye simu na kuiweka upya. Kwa simu yangu ya majaribio sawa, lakini kwa simu ya karani yenye rekodi za wakulima ambazo hazijatumwa, hapana.

Kwa hivyo hifadhi msimbo kabla ya kulala, na nakili hifadhidata kabla ya kurudi nyuma. Folda ya maziwa_mwisho_kabisa ningali nayo, kama kovu.