Daraja la Thanh Hoa na Mipaka ya Silaha za Kisasa

Makada wengi tunaowafundisha hupenda kusema kwamba vita vya Vietnam vilithibitisha kuwa silaha si kitu mbele ya umma. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini historia haiikubali yote.

Tulitazame daraja la chuma la Thanh Hoa, juu ya mto Ma, katika Vietnam ya Kaskazini. Marekani ililishambulia tarehe 3 na 4 Aprili, 1965. Lilipigwa mara nyingi, halikuanguka. Mashambulizi yakarudiwa mwaka hadi mwaka, na marubani wakapotea hapo, mpaka yaliposimamishwa mwaka 1968. Mwaka 1972 yakaja mabomu yanayoongozwa kwa mwanga wa leza, na tarehe 13 Mei ndege chache zikafanya kazi iliyowashinda wenzao tangu 1965. Anayedharau teknolojia na alijibu hilo kwanza.

Hata hivyo mizigo ilizidi kuvuka, kwa vivuko na madaraja ya kuelea. Mabomu yale yalitumwa kukata daraja, yakalikata. Kuipatia serikali ya Saigon imani ya wakulima wake ilikuwa kazi ya siasa, na beberu hakuwa na rubani wa kumtuma huko.

Wala Wavietnam hawakupigana mikono mitupu. Desemba 1972 makombora yaliyotoka Urusi ya Kisovieti yaliangusha ndege 15 za B-52, kwa hesabu ya Wamarekani wenyewe. Na walioingia Saigon tarehe 30 Aprili, 1975 waliingia na vifaru.