Mkono Unaoshika Msumeno: Uteuzi wa Majaji na Historia ya Sheria Tanzania

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke wamechuma kwa jitihada za pamoja. Kifungu hakisemi kama kupika, kufua na kulea watoto ni jitihada. Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika: wengine walihesabu fedha na kazi iliyoongeza mali yenyewe tu, wengine wakaona jasho la jikoni nalo limo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza ubishi huo: kazi za nyumbani ni mchango. Mrufani mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizokabidhiwa na mumewe. Hata hivyo kanuni ilibaki, na wanawake waliomfuata wameitegemea hadi leo.

Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno haujiendeshi. Upo mkono unaoushika. Makala hii inadai kwamba historia ya sheria ya nchi huanza kuandikwa siku jaji anapoteuliwa, na kwa sababu hiyo uteuzi ni jambo la umma, linalostahili kufanyika mbele ya macho ya umma.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na haki za binadamu, zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mila ilimruhusu mwanamume kuuza ila si yeye. Jaji angeweza kujificha nyuma ya mila hiyo, iliyokuwa imeandikwa rasmi tangu 1963. Badala yake aliipima kwa Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa ya kuuza.

Mwaka 1994 jaji huyo huyo alitamka, katika shauri la Jamhuri dhidi ya Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu, lakini ikaiokoa kwa Ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Ibara ilikuwa moja na adhabu ilikuwa moja. Walioketi kitini walikuwa tofauti, na jibu likawa tofauti.

Mpinzani wa hoja hii atasema kwamba jaji hana nguvu kiasi hicho, kwa kuwa Bunge linaweza kumfuta. Ana sababu. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitambua haki ya mgombea binafsi katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, na Bunge likabadili Katiba kuizuia. Mahakama Kuu ilirudia msimamo huo mwaka 2006. Mahakama ya Rufani iliukataa mwaka 2010, ikisema suala hilo ni la Bunge. Lakini hukumu iliyotenguliwa haifi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, iliamua kwamba zuio hilo linakiuka haki. Hukumu za Mbushuu nazo zilijadiliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 1995, ilipoifuta adhabu ya kifo nchini humo.

Tazama basi uzito wa uteuzi mmoja. Mwalimu Nyerere alimteua Nyalali kuwa Jaji Mkuu mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 42. Alistaafu mwaka 2000, baada ya kuiongoza mahakama katika enzi ya chama kimoja, ujio wa haki za binadamu na kurejea kwa vyama vingi. Saini moja ilidumu miaka 23.

Pamoja na uzito huo, Katiba yetu inamwachia Rais kumteua Jaji Mkuu, na kuwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Usaili wa hadharani hauagizwi. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, waombaji husailiwa hadharani na tume ya nchi hiyo inayoshughulikia utumishi wa mahakama kabla majina hayajafika kwa Rais. Utaratibu huo haukuondoa mivutano: mwaka 2021 Rais aliwateua majaji 34 na kuwaacha sita waliopendekezwa. Lakini Wakenya waliwajua walioachwa, wakadai sababu.

Nasi tunahitaji nafasi za ujaji zitangazwe, waombaji wahojiwe mbele ya umma juu ya namna wanavyoisoma Katiba, na sababu za kumchagua mmoja zitolewe. Bi Hawa hakujua ni nani angelisikiliza shauri lake, wala hakupaswa kumchagua. Lakini wananchi ambao maisha yao yatapimwa kwa hukumu za miaka ishirini ijayo wana haki ya kuujua mkono kabla haujakabidhiwa msumeno.