Rifugio maana yake kimbilio

Njia ni ya nani? Ni ya aliyeichonga, ya anayeipita leo, au ya mwenye bunduki anayesimama mwisho wake na kuuliza vitambulisho? Swali hili limeniganda tangu nilipopita Bonde la Susa, kaskazini magharibi mwa Italia, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Torino. Sitawachosha na habari za viatu vyangu na picha nilizopiga. Nataka tuongee historia ya njia zenyewe, kwa sababu historia hiyo inatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza, tuelewane tunaongelea wapi. Bonde la Susa limechongwa na mto Dora Riparia, na upande wa pili wa milima yake ni Ufaransa. Mji wa Susa uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na juu yake unasimama mlima Rocciamelone, mita 3,538. Bonde zima limejaa njia za miguu zilizowekewa alama za rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe. Kila baada ya mwendo fulani unakuta nyumba ya wapanda mlima: supu ya moto, kitanda cha ghorofa, blanketi zito. Waliowahi kupanda Kilimanjaro wanaelewa, fikiria Mandara na Horombo. Na hilo si jambo la bahati tu. Wajerumani ndio walioleta mtindo huo kwetu kutoka kwenye milima ya Alps, na enzi zao Mandara iliitwa Bismarck, Horombo ikaitwa Peters. Ndiyo, Peters yule yule.

Kwa Kiitaliano nyumba hizo zinaitwa rifugio. Maana yake ni kimbilio. Naomba ulishike neno hilo, tutalirudia.

Sasa turudi nyuma. Tarehe 1 Septemba 1358, mtu mmoja aitwaye Bonifacio Rotario, wa mji wa Asti, alifika kileleni Rocciamelone akiwa na picha ya shaba ya Bikira Maria yenye milango miwili ya kukunja. Masimulizi yanasema aliwahi kutekwa vitani na Waislamu, akaweka nadhiri kwamba akitoka salama ataipandisha picha hiyo juu ya mlima. Kumbuka watu wa zama hizo hawakupanda milima kujifurahisha. Kitabu cha kumbukumbu cha watawa wa Novalesa, jirani na hapo, kilishaeleza habari za mtawala mmoja aliyejaribu kuupanda mlima huo akitafuta hazina, akarudishwa na ukungu na mawe yaliyokuwa yakivurumishwa kutoka juu. Mlima ulikuwa na wenyewe, kama wazee wetu wangesema.

Rotario alihitaji mahali pa kupumzika njiani. Pakajengwa kibanda, na hadi leo kwenye mita 2,854 kuna nyumba inayoitwa Ca' d'Asti, yaani nyumba ya Asti. Wengi wanaihesabu kuwa kimbilio la kale kuliko yote katika Alps. Yaani nyumba ya kwanza ya aina hii ilijengwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na deni kwa Mungu wake. Mtalii alikuwa hajazaliwa.

Ukiliacha Rocciamelone na kufuata njia inayopita Novalesa, unafika kwenye pito la Mont Cenis, mita 2,083. Hapa ndipo Ulaya ya kaskazini na Ulaya ya kusini zilikutana kwa karne nyingi. Monasteri ya Novalesa ilianzishwa mwaka 726, na kufikia karne ya 9 kulikuwa na nyumba ya watawa juu kwenye pito, ya kuwapokea wasafiri. Walipita mahujaji wa Roma, wafanyabiashara na majeshi. Wapo hata wanahistoria wanaosema kwamba Hannibal, Mwafrika wa Karthago, alipita mahali fulani katika milima hii na tembo wake mwaka 218 kabla ya Kristo. Wengine wanabisha, wana mapito yao mengine. Sitaingia kwenye ugomvi huo, ila natambua kwamba kila bonde la Alps linatamani Hannibal awe amepita kwake. Mwafrika huyo alikuja na jeshi, na bado wanagombania heshima ya nyayo zake.

Lakini wapo waliopita hapa kila siku na hakuna anayegombania nyayo zao. Nao ni wapagazi. Sisi tunalijua neno hili vizuri, tunalihusisha na Bagamoyo na Ujiji. Basi na wazungu walikuwa na wapagazi wao. Waliitwa marron, wakulima maskini wa Novalesa upande huu na Lanslebourg upande ule. Msafiri tajiri akifika chini ya mlima, gari lake la farasi lilifunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye nyumbu. Yeye mwenyewe alikalishwa kwenye kiti, akabebwa na wanaume mabegani hadi ng'ambo. Wakati wa baridi waliweza kumteremsha upande wa Lanslebourg kwa kigari cha kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1739 mwandishi Mwingereza Horace Walpole alivuka hapa akiwa kijana, pamoja na mshairi Thomas Gray. Karibu na mlima huo mbwa mwitu alitokea na kumnyakua kijibwa chake kipenzi, Tory. Jina la mbwa tunalo mpaka leo. Majina ya waliombeba mwenye mbwa hatunayo.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Napoleon alijenga barabara ya magari juu ya Mont Cenis. Mwaka 1871 likafunguliwa handaki la reli la Fréjus, karibu kilomita 13 chini ya mlima, kutoka Bardonecchia hadi Modane. Kazi ya mpagazi ikafa. Na hapa ndipo nilipokuta jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka 1863, handaki likiwa bado linachimbwa, Quintino Sella na wenzake walianzisha Chama cha Alpine cha Italia kule Torino. Yaani wakati ule ule ambapo watu wa shida walikuwa wanapata treni, watu wa raha walikuwa wanaanza kuzichukua njia za miguu. Njia ikabadilisha tabaka. Kilichokuwa adha ya maskini kikawa mapumziko ya mwenye nafasi, na kimbilio likawekewa bei ya kitanda.

Ukitaka kuona shida ilivyochonga milima hii, nenda juu ya Chiomonte. Kati ya mwaka 1526 na 1533 mtu mmoja, Colombano Romean, alitoboa mwamba kwa nyundo na tindo, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Alichimba handaki la zaidi ya mita 400 ili maji ya upande wa pili yafike kwenye mashamba ya vijiji vya Cels na Ramats. Miaka saba! Maji bado yanapita. Siku hizi watembeaji huingia humo na tochi na viatu vya mpira, wakitoka wanapiga picha wakicheka.

Na mpaka je? Ramani inatuambia kwamba mgongo wa milima ndio mwisho wa Italia. Lakini mwaka 1343 jamii za juu ya bonde hili, pamoja na za Briançon ng'ambo ya milima, zilipata hati moja ya uhuru kutoka kwa mtawala wao Humbert wa Pili. Zikajiendeshea mambo yake pande zote mbili kwa karne kadhaa, zikiitwa Escartons. Mtu wa Oulx na mtu wa Briançon walikuwa ndugu katika shirika moja. Mwaka 1713, Mkataba wa Utrecht ukachora mstari juu ya vilele: huku kwa Savoy, kule kwa Ufaransa. Sisi tunaosoma habari za Berlin 1884 hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Mstari ukasogezwa tena mwaka 1947. Baada ya vita Italia ilipoteza Valle Stretta, bonde dogo juu ya Bardonecchia, likawa la Ufaransa. Nyumba za wapanda mlima zilizomo bado zina majina ya Kiitaliano. Milima haikusogea hata inchi.

Njia hizi pia zimejua wakimbizi kwa muda mrefu. Mwaka 1689 Wawaldensia wapatao elfu moja, Waprotestanti waliofukuzwa kwao na kukimbilia Uswisi, walirudi kwa miguu wakiwa na silaha, wakavuka milima hadi bonde la Susa. Wakapigana na Wafaransa kwenye daraja la Salbertrand, wakapenya, wakafika kwao. Leo njia yao ina vibao na watu wanaifuata likizo. Halafu baada ya Vita Kuu ya Pili, Waitaliano maskini wenyewe walivuka usiku kwenda Ufaransa kutafuta kazi, bila karatasi. Pietro Germi alitengeneza filamu mwaka 1950, Il cammino della speranza, juu ya wachimba madini wa Sisilia waliofunga safari hiyo hadi kwenye theluji ya mpakani.

Kisha wakaja vijana wetu. Ufaransa ilirudisha ukaguzi mpakani Novemba 2015, na kuanzia 2017 vijana wengi kutoka Guinea, Ivory Coast, Mali na kwingineko walipanda kutoka Bardonecchia kupitia Colle della Scala, mita 1,762, na baadaye kutoka Claviere kuelekea Montgenèvre. Wengi walikuwa hawajawahi kuona theluji. Wengine walivaa raba za kawaida. Wapo waliopoteza vidole na miguu kwa baridi, na wapo waliokufa. Wamewafuata Waafghani na Wairani, na familia zenye watoto.

Wenyeji waliitikiaje? Wengine walifunga madirisha. Wengine walipanda usiku na chai ya moto na mablanketi kuwatafuta watu kwenye theluji, kwa sababu, walisema, mlimani humwachi mtu. Baadhi yao walifikishwa mahakamani. Watu saba waliohukumiwa mjini Gap Desemba 2018, kwa kushiriki maandamano yaliyovuka mpaka pamoja na wahamiaji, waliachiwa huru na mahakama ya rufaa ya Grenoble Septemba 2021. Julai 2018 Baraza la Katiba la Ufaransa lilishaamua kwamba udugu, lile neno la tatu katika kaulimbiu ya taifa lao, ni kanuni ya kisheria: mtu yuko huru kumsaidia mwenzake kwa ubinadamu bila kuuliza karatasi zake. Lakini kumvusha mpaka kulibaki kosa. Udugu unaanzia baada ya mstari.

Kule Oulx, wanapopokelewa wasafiri hawa kabla ya kupanda, nyumba yao inaitwa Rifugio Fraternità Massi. Ng'ambo, Briançon, kulikuwa na Refuge Solidaire hadi mwaka 2021. Neno ni lile lile la wapanda mlima. Na Kiswahili chetu kinatuumbua vizuri zaidi: kimbilio na mkimbizi yametoka kwenye kitenzi kimoja. Kimbilio bila mkimbizi ni hoteli tu.

Mimi sina shida na watalii. Mwenyewe nilitembea huko kwa starehe, na kibali changu kilikuwa mfukoni. Ninachokataa ni sisi kuambiwa kwamba mtu asiye na karatasi ni kitu kigeni kwenye njia hizi. Mgeni hapo ni yule aliyekuja kupunga hewa, amefika jana tu. Nyumba nyingi za Chama cha Alpine huacha chumba kimoja cha akiba wakati wa baridi, mlango bila kufuli, ili yeyote atakayezidiwa na theluji aingie. Mlango ule hauulizi uraia. Ulitengenezwa na watu walioujua mlima kuliko wachora ramani.