Singa, Hariri, Nailoni: Safari ya Fundo la Mshipi

Mwaka 1496, Wynkyn de Worde, mpiga chapa wa Westminster huko Uingereza, alitoa risala ya uvuvi wa ndoana ambayo wengi huinasibisha na mtawa Juliana Berners. Mshipi wa enzi hizo ulisokotwa kwa singa za mkia wa farasi: singa moja kwa visamaki vidogo, 15 kwa salmoni. Singa haina urefu, hivyo mshipi mzima ulikuwa vipande vilivyoungwa. Lakini singa hukwaruza na kukamatana, wala haikumpa mfungaji taabu kubwa.

Taabu ililetwa na kiwavi wa hariri. Kabla hajaanza kusuka kifukofuko, alitoswa kwenye siki, tezi zake zikatolewa na kuvutwa mpaka zikawa uzi mwangavu usioonekana majini. Murcia, Hispania, ilijipatia jina kwa kazi hiyo. Uzi mmoja kwa kawaida haukufika nusu mita, na ukikauka ulikatika kama kijiti, kwa hiyo ulilowekwa kwanza ndipo ukafungwa. Mwaka 1910 A. H. Chaytor, katika kitabu cha barua kwa wanawe kuhusu uvuvi wa salmoni, alieleza fundo la kuunga nyuzi hizo: zilaze sambamba, ncha zikielekeana, zungusha kila moja juu ya mwenzake, kisha pitisha ncha zote mbili katikati, kila moja ikitokea upande wake. Ukikaza, linafanana na pipa dogo.

Kisha ikaja nailoni. Wallace Carothers wa DuPont aliipata mwaka 1935, ikatangazwa 1938, na baada ya vita uzi wa kiwavi ukasahaulika. Ila nailoni inateleza. Mafundo yaliyoaminika yalianza kufumka, ikabidi mizunguko iongezwe, mitano hivi kila upande, na fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana msuguano huipasha nailoni moto na kuidhoofisha. Kitabu cha Stanley Barnes cha 1947 kinataja uzi wa kiwavi na nailoni pamoja katika jina lake lenyewe.

Hata hivyo fundo la pipa halipendi nyuzi zinazopishana sana unene. Hapo ndipo linapoingia fundo linaloitwa kwa jina la Jimmie Albright, mwongoza wavuvi wa Islamorada, Florida. Uzi mnene hukunjwa kitanzi; mwembamba hupita ndani yake, ukazungushwa mara kumi hivi kurudi kwenye kichwa cha kitanzi, ukatoka kwa mlango ule ule ulioingilia. Wajapani wana fundo lao, FG, lisilo na kitanzi kabisa, kwa nyuzi za kusuka za polithini. Ni jembamba na imara, lakini kulifunga juu ya ngalawa inayoyumba ni adhabu.

Mimi nabaki na la Albright. Huunga pia nailoni na waya mwembamba, ule ambao mvuvi wa nguru hauachi nyumbani, kwa kuwa meno ya nguru hayaulizi fundo limefungwaje.