Mpira wa kupitishia pombe

Mpira wa kupitishia pombe ni bomba linalokunjika ambalo hutumika kuhamisha bia, divai au pombe kali kutoka tangi moja hadi jingine, au kutoka tangini hadi kwenye pipa na mashine ya kujaza chupa. Huitwa pia hosipaipu. Kwa nje hufanana na mpira wa kumwagilia bustani. Tofauti iko kwenye tabaka la ndani linalogusana na kinywaji.

Nchini Tanzania mipira hii hutumika katika viwanda vya bia, vikiwemo vya Tanzania Breweries na Serengeti Breweries jijini Mwanza, jirani na Mkoa wa Simiyu. Hutumika pia katika viwanda vya divai vya Dodoma na katika utengenezaji wa Konyagi, Dar es Salaam. Kwa mpika pombe ya mtama wa Bariadi mwenye pipa la lita 200, mpira unaopatikana kirahisi ni ule wa bustani unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Huo haukutengenezwa kwa ajili ya chakula. Baadhi ya mipira ya aina hiyo imekutwa na madini ya risasi, na pia vilainishi vya plastiki vinavyoweza kuingia katika kinywaji.

Uchaguzi

Mpira huchaguliwa kwa kuangalia kitakachopita ndani yake na namna utakavyosafishwa. Bia yenyewe haiuchoshi sana mpira. Kinachouchosha ni usafi: maji ya moto ya nyuzijoto 80 au zaidi, kostiki soda, asidi, pengine na mvuke. Ndiyo maana viwanda vya bia hupendelea mpira wa EPDM au wa butili, unaostahimili joto hilo. Plastiki ya PVC hulainika mapema mno kwa kazi hiyo. Mpira wa upande wa kuvutia pampu lazima uwe na waya uliozungushwa ndani ya ukuta wake, la sivyo hujikunja na kuziba.

Divai huharibiwa na hewa na harufu. Butili hupitisha oksijeni kidogo, hivyo huifaa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mpira ukihifadhiwa na unyevu kati ya msimu na msimu huota ukungu. Dawa za klorini huepukwa, kwa kuwa klorini ikikutana na mbao na ukungu huweza kuzaa kemikali iitwayo TCA, inayoipa divai harufu ya kadibodi iliyolowa.

Pombe kali ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba ethanoli huyeyusha vitu vingi ambavyo maji hayaviwezi, na miongoni mwake ni vilainishi vya PVC. Mwaka 2012 nchini China vilainishi hivyo vilikutwa katika pombe ya kampuni ya Jiugui, na mipira ya plastiki ya viwandani ikawa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Mpira wa kazi hii huwa na tabaka la ndani la polietilini maalumu.

Kuna pia moto. Pombe yenye ethanoli asilimia 40 huanza kutoa mvuke unaoweza kushika cheche kwenye nyuzijoto 26 hivi, na mchana wa kawaida Bariadi hufika hapo au kupita. Pombe ikikimbia ndani ya mpira huzalisha umeme tuli. Kwa hiyo waya wa shaba uliomo ukutani mwa mpira huunganishwa na vifungio vya ncha zote mbili, na tangi huunganishwa na ardhi. Mpira mzuri ambao waya wake umekatika haufai tena kwa pombe kali, hata kama hauvuji.

Mnunuzi hudai hati ya kufaa kwa chakula, kwa mfano ya kanuni ya Ulaya namba 1935/2004. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Matunzo

Mpira husuuzwa mara tu kazi inapokwisha, kabla mabaki hayajakauka, kisha hutundikwa kwa mteremko, ncha zikiwa wazi, ili maji yote yatoke. Ukining'inizwa kwenye msumari mmoja hukunjika na kupasuka pale pale. Jua pia huuzeesha. Wakati wa kupitisha mvuke, ncha ya pili haifungwi kamwe.

Klipu za kukaza kwa bisibisi huacha upenyo unaoficha hamira na bakteria. Vifungio vilivyobanwa kwa mashine ni bora, ingawa ni ghali. Ukaguzi huanzia karibu na vifungio, ambako mipira mingi hupasukia. Malengelenge, nyufa, sehemu iliyolainika au harufu isiyotoka ni sababu ya kuuondoa kazini. Mpira uliostaafishwa hukatwa vipande kabla ya kutupwa, ili mtu asiuokote na kuupitishia maji ya kunywa.