Ruzuku ya Pamba na Wakulima wa Poinsett

Ruzuku ya serikali yafanana na maji ya mfereji: haitoshi kuuliza yametoka chemchemi gani, ni lazima kuuliza pia nani ashikaye mlango wa kuyafungulia. Jambo hili lilidhihirika katika wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, nchini Marekani, kati ya mwaka 1933 na 1939.

Bei ya pamba, ambayo mwaka 1929 ilikuwa senti 17 hivi kwa ratili, ilianguka hata senti 6 hivi mwaka 1931. Rais Franklin Roosevelt alipotia sahihi Sheria ya Marekebisho ya Kilimo mwezi Mei 1933, shabaha yake ilikuwa kupunguza mazao ili bei ipande. Pamba ilikwisha chipuka. Kwa hiyo wakulima walilipwa waifukie kwa plau, na eka milioni 10 hivi zikafukiwa. Bei ilipanda kwa kweli: senti 10 hivi mwaka ule, na 12 hivi mwaka 1934. Asiyekiri hayo hasemi haki.

Walakini wengi walioilima pamba ya Poinsett hawakuwa na ardhi. Walikuwa wapangaji, weupe kwa weusi, waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno, huku wakikopa chakula kwake hata msimu uishe. Mkataba wa 1934 ulitoa senti 4 na nusu kwa kila ratili ya pamba iliyoachwa kulimwa. Katika hizo mwenye shamba alipata senti 4, na mpangaji nusu senti. Tena, eka zilipopungua, mikono ya kulima nayo ilionekana kuzidi, na familia zikafukuzwa.

Mkataba haukuwasahau kabisa. Kifungu cha 7 kilimwagiza mwenye shamba adumishe idadi ya kawaida ya wapangaji “kwa kadiri iwezekanavyo.” Maneno hayo machache yalikuwa tundu katika wavu. Kwani nani angeamua liwezekanalo, kama si mwenye shamba mwenyewe? Aidha, idadi si watu: yamkini kumtoa mmoja na kumweka mwingine, na hesabu isipungue.

Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga. Lakini mwezi Julai 1934 watu 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana katika nyumba ya shule karibu na mji wa Tyronza, wakakataa kupisha. Waliunda Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Katika nchi iliyowatenga watu kwa rangi, kukaa pamoja katika chama kimoja kulikuwa hatari, na wengi wao walipigwa na kutishwa. Huko Washington, wanasheria wa idara ya marekebisho waliotoa rai kwamba kifungu kile kiliwalinda wapangaji wale wale, wala si idadi tu, waliachishwa kazi mwezi Februari 1935.

Mahakama Kuu iliivunja misingi ya sheria ile mwezi Januari 1936. Zilizofuata ziliongeza fungu la mpangaji na kuagiza alipwe mwenyewe. Je, dhuluma ilikwisha? La. Baadhi ya wenye mashamba waliwageuza wapangaji wao kuwa vibarua wa kutwa, kwa sababu kibarua hakuwa na fungu katika ruzuku. Mwezi Januari 1939 wakulima zaidi ya 1,000 waliofukuzwa walipiga kambi kando ya barabara kuu, kusini mashariki mwa jimbo jirani la Missouri, wapita njia wawaone.

Basi mwanafunzi wa historia asitosheke na kusoma bei ilivyopanda. Bei ya zao ni jambo moja, na riziki ya mlimaji ni jingine. Sheria iliyolipa ardhi ilimfikia mwenye ardhi. Aliyekuwa na jasho tu ilimfikia kama amri ya kuhama.