Kamera ya mlangoni ilianza na nesi

Wasee, hizi kamera ndogo za nje unazozungusha na kuvuta picha karibu ukitumia simu, mnadhani wazo la kuziweka nyumbani lilitoka wapi? Jeshi? Benki? Zii. Lilitoka kwa nesi mweusi wa Queens, New York: Marie Van Brittan Brown.

Kazi yake na ya bwanake, fundi wa elektroniki, zilikuwa za masaa ya ajabu, so usiku mwingi Marie alibaki peke yake. Na mtaani kwao ukiita polisi, walichelewa. Mwaka wa 1966 wawili hao wakaomba hati ya uvumbuzi: matundu manne mlangoni, kamera inayopanda na kushuka kati yao, skrini chumbani, maiki ya kuongea na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango na kingine cha kuita usaidizi. Hati ilitoka tarehe 2 Desemba 1969.

Cheki vile aliipanga: kamera ilikuwa mkononi mwa mwenye hofu.

Leo baadhi ya kamera zina kasha gumu, la kuhimili hata pigo la jiwe. Lakini Juni 2025, baada ya Albert Ojwang kufia mikononi mwa polisi Nairobi, IPOA ilisema mfumo wa kamera wa kituo cha Central ulikuwa umechezewa. Hapo hakukuhitajika jiwe.

Kwa hivyo mi siulizi kamera ni ngumu aje. Nauliza rekodi anashika nani. Marie alijilinda kwa sababu polisi walichelewa. Sisi tunataka rekodi ambazo hata polisi hawawezi kufuta.